Kazi ya mikono kati ya wahami na wenyeji: namna ya kuanzisha biashara ya utamaduni ambayo ni mali ya jamii



Mtu anapokimbia vita huacha shamba, mifugo, nyumba, na mara nyingi hata sufuria iliyokuwa motoni. Ufundi wake haubaki nyuma. Mama aliyejua kusuka kitunga alipokuwa Masisi anajua bado akiwa Minova. Kijana aliyepiga ngoma kwenye arusi za kwao anaweza kuipiga Nyarugusu. Kwa sababu hiyo, katika karibu kila kambi na kila mtaa unaopokea wahami, swali moja hurudi: je, ufundi huu unaweza kuwa biashara inayolisha watoto, na wakati huohuo ikaturudishia uhusiano mwema na majirani?

Inawezekana. Imefanyika mahali pengine, na katika makala hii tutaona wapi. Lakini pia imeshindikana mara nyingi, na inaposhindikana huacha ugomvi mbaya kuliko ule wa mwanzo, maana sasa kuna pesa ndani yake. Vikundi vingi hupenda kuandika "Amani" au "Umoja" kwenye lebo ya bidhaa zao. Hakuna ubaya. Lakini sisi tunaona kwamba lengo la biashara linajulikana kwa kutazama nani wameketi pamoja kwenye mkeka wakati wa kazi, na pesa ya kwanza ilihesabiwa mbele ya nani. Mengine yote yanafuata hapo.

Cherehani kumi na fundi wa jirani

Tuchukue mfano ambao viongozi wengi watautambua. Shirika linatoa cherehani kumi kwa akina mama wahami pamoja na mafunzo ya miezi mitatu. Nia ni njema kabisa. Kando ya barabara hiyohiyo yupo fundi mwenyeji aliyenunua cherehani yake kwa mkopo, anayelipa pango na ushuru wa soko. Baada ya wiki chache, sare za shule alizokuwa akishona yeye zinashonwa kambini kwa nusu ya bei, kwa kuwa kule hakuna mkopo wala pango. Wateja wanahama. Fundi huyu hana bunduki wala kundi, lakini maneno anayoyasema jioni kwenye kibanda cha pombe kuhusu "watu wa kuja" yanasikilizwa na vijana wa mtaa. Hapo ndipo mashine ya kushona inapogeuka kuwa chanzo cha fitina bila mtu yeyote kukusudia.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa wahami na chifu wa mtaa wakae na mafundi wa mahali hapo kabla cherehani hazijashushwa kwenye gari. Zipo njia kadhaa za kukubaliana. Kikundi kinaweza kushona vitu ambavyo fundi wa mtaa hashoni, kama mifuko ya kitenge, foronya au vitambaa vya meza, na kumwachia sare na suruali zake. Kinaweza kupokea wanachama wenyeji na wahami kwa idadi inayolingana. Au fundi mwenyeji anaweza kuwa mwalimu wa kikundi, kwa malipo. Kwa maoni yetu njia hii ya mwisho ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu mtu aliyekufundisha kazi hapendi kuona kazi hiyo ikiharibika.

Kuchanganya majina kwenye karatasi si jambo gumu. Orodha huandikwa kwa dakika kumi siku ambayo mfadhili anatarajiwa. Kazi ngumu ni kuwafanya watu waketi pamoja siku nyingi, wakitegemeana.

Mfano unaojulikana sana ni ule wa wanawake wasukaji wa Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Tunajua kwamba kwa wasomaji wetu wengi jina la nchi hiyo linauma, na hatuwezi kujifanya hatujui. Lakini funzo hili ni la akina mama waliokuwa na kila sababu ya kuchukiana. Wajane wa waliouawa waliketi kusuka pamoja na wake za waume waliokuwa gerezani kwa mauaji hayohayo. Walichosuka ni agaseke, kikapu chenye mfuniko uliochongoka ambacho kwa desturi hutolewa zawadi kwenye arusi. Ndugu wawili, Joy Ndungutse na Janet Nkubana, walianzisha kampuni ya Gahaya Links kwa ajili ya kazi hiyo, na mwaka 2005 maduka ya Macy's ya Marekani yakaanza kuuza vikapu vyao. Tazama mpangilio: hakuna aliyewaambia wapatane kwanza ndipo wasuke. Walisuka kwa sababu walihitaji chakula, na mazungumzo yakaja polepole huku vidole vikifanya kazi. Ni rahisi zaidi kusema neno zito ukiwa unatazama ukili kuliko ukiwa unatazamwa machoni.

Nini kinauzwa, nini hakiuzwi

Utamaduni wetu una kazi nyingi ambazo tangu zamani hazikufanywa na mtu mmoja. Kwa Wakuba wa Kasai, kitambaa cha rafia husukwa na wanaume, kisha wanawake hukitarizi mpaka kinakuwa laini kama mahameli. Kwa Wambuti wa msitu wa Ituri, wanaume hupondaponda gome la mti hadi liwe nguo, na wanawake hulichora. Kikundi kinachoanza leo kinaweza kugawa kazi kwa namna hiyo kati ya wahami na wenyeji: mmoja anaandaa, mwingine anamalizia, na bidhaa haikamiliki mpaka iwe imepita mikono yote miwili. Huo ni ulinzi mzuri kuliko hotuba yoyote.

Watu wengine husema kitenge si utamaduni wetu kwa sababu kilitoka kwenye batiki ya Java na kuletwa na viwanda vya Uholanzi. Ni kweli kilitoka huko. Lakini waliokipa maana ya arusi, ya msiba, ya heshima ya mama mkwe, ni mama zetu. Tusipoteze muda kwenye ubishi huo.

Jambo linalostahili muda ni jingine: si kila kitu cha mababu ni bidhaa. Mfano mzuri ni Bwami ya Walega wa Shabunda, Mwenga na Pangi. Sanamu zake ndogo za mti na pembe hazikuwa mapambo. Mtu alizipata kwa kupanda daraja, na zilibeba mafundisho ya namna ya kuishi. Utawala wa Wabelgiji uliipiga marufuku Bwami mwaka 1948, na leo sanamu nyingi za aina hiyo zimo katika makumbusho na nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani, mbali na watoto waliopaswa kufundishwa kwazo. Kijana fundi anayechonga mfano wa sanamu hizo kwa ajili ya watalii huenda hana nia mbaya, lakini mzee wa ukoo anaweza kuliona jambo hilo kama tusi, na siku hiyo kikundi kitapoteza zaidi ya kilichopata.

Kanuni rahisi ni kuuliza. Kabla ya kutumia mchoro, wimbo au ngoma ya kabila fulani, mpelekeeni mwenyewe: mwami, wazee, akina mama wenye desturi hiyo. Kama ni ngoma ya kutahiri au ya msiba, mara nyingi jibu litakuwa hapana, na hapana hiyo iheshimiwe. Kama ni ngoma ya mavuno, wengi watafurahi kuiona imefufuka. Na kama mchoro ni wa jamii isiyo na mwakilishi kikundini, hasa Wambuti au Watwa, ambao mara nyingi picha na kazi zao huuzwa na watu wengine, mwafaka si kuomba ruhusa tu bali kuwaingiza kikundini na kuwalipa sawa na wengine.

Mbali kidogo na kwetu: Dzaleka

Si lazima biashara ya utamaduni iwe ya kitu cha kubeba mkononi. Kambi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa nchini Malawi. Mahali hapo palikuwa gereza kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994. Ilipangwa kwa watu kama elfu kumi na kidogo, lakini sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongomani, na Kiswahili husikika kila kona. Mwaka 2014 mshairi na mwanamuziki Mkongomani anayejulikana kwa jina la Menes La Plume, mwenyewe akiwa mkimbizi, alianzisha humo Tamasha la Tumaini. Kiingilio ni bure. Wasanii wa kambini hupanda jukwaani pamoja na wasanii wa Malawi na wa nchi nyingine.

Mtu atauliza: kama kiingilio ni bure, biashara iko wapi? Iko pembeni ya jukwaa. Wageni wanaotoka Lilongwe wanakula, wanakunywa, wananunua nguo na vinyago, wanasukwa nywele. Wengine hulala katika nyumba za wakimbizi kwa kulipa, na asubuhi hunywa chai na familia iliyowapokea. Pesa inaingia moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba. Na yule Mmalawi aliyekuwa akiogopa kambi anarudi kwao akiwa na jina la mtu anayemjua.

Tusilitie chumvi. Sheria za Malawi zinawataka wakimbizi wakae kambini, na mwaka 2023 serikali iliwarudisha Dzaleka kwa nguvu wengi waliokuwa wakifanya biashara mijini. Tamasha halikuweza kuzuia hilo. Lilichofanya ni kuleta soko mahali ambapo watu hawaruhusiwi kuliendea soko. Kwa wahami wanaoogopa kutoka kambini kwa sababu ya usalama au vizuizi vya barabarani, wazo hilo lafaa kufikiriwa, hata kama ni kwa siku moja ya ngoma na chakula kwa mwezi, kwenye uwanja uliokubaliwa na chifu.

Bei isiyomla fundi

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme kikundi kinashona mifuko ya kitenge. Takwimu hizi ni za mfano tu, kila mahali paweke bei zake. Kitenge cha yadi 6 kinanunuliwa dola 12 na kinatoa mifuko 12, basi kitambaa ni dola 1 kwa mfuko. Bitana, uzi na zipu ni senti 50. Mfuko mmoja unachukua saa tatu, na kikundi kimekubaliana saa moja ni senti 50, basi kazi ni dola 1 na senti 50. Usafiri na ushuru wa soko ni senti 30. Uchakavu wa cherehani, yaani akiba ya siku itakapoharibika, ni senti 30. Mfuko wa jamii, senti 40. Jumla ni dola 4 kamili.

Mteja wa sokoni anasema, "Nitatoa tatu." Vikundi vingi hukubali kwa furaha, kwa sababu wanaona walitumia dola 1 na nusu na wamepata 3. Lakini dola ile iliyopunguzwa imetoka wapi? Haikutoka kwa muuza kitenge wala kwa mtoza ushuru. Imetoka kwenye mikono ya aliyeshona. Saa zake tatu zimelipwa senti 50 badala ya dola 1 na nusu. Akifanya hivyo miezi sita ataacha, na ataondoka akiamini kwamba kiongozi wa kikundi alimwibia, kumbe aliyemwibia ni bei.

Basi kama soko la hapo haliwezi kulipa dola 4, msishone mfuko huo. Tafuteni kinachoshonwa kwa saa moja, au mnunuzi mwingine. Ukweli mchungu ni kwamba wahami hawawezi kuishi kwa kuuziana vitu vya urembo wao kwa wao.

Wapo wanunuzi wa mbali, lakini tuwaelewe vizuri. Anayenunua kwa huruma hununua mara moja. Ukutani hawezi kutundika vikapu vitano vya huruma. Anayerudi ni yule aliyependa kikapu chenyewe: kimenyooka, rangi haichuji, oda ya vikapu 50 imefika ikiwa 50 vyenye kipimo kimoja. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lina mpango uitwao MADE51, jina lililotokana na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao unaunganisha mafundi wakimbizi na kampuni za biashara. Mmoja wa washirika wake, WomenCraft ya Ngara huko Tanzania, amefanya kazi na wasukaji Watanzania pamoja na wakimbizi wa Burundi. Mpango wa namna hiyo haununui habari ya mateso. Unanunua kikapu, na unakirudisha kama kimepinda.

Hapa tuseme neno kuhusu picha. Wageni hupenda kupiga picha ya mama na mtoto wake, kisha kuandika chini yake aliyotendewa wakati wa vita. Kikundi kina haki ya kukataa. Mama anaweza kuuza kitunga bila kuuza kidonda chake.

Sanduku na daftari

Njia ya kuweka pesa inayofahamika zaidi katika vijiji vyetu ni AVEC, chama cha akiba na mkopo cha kijijini. Utaratibu wake ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na umeenea kwa sababu hauhitaji benki wala kusoma sana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti ambao si wale wanaolala na sanduku. Pesa haiguswi ila mbele ya wanachama wote.

Kwa kikundi cha wahami na wenyeji, funguo hizo zina maana zaidi ya usalama. Kama zote ziko upande mmoja, upande wa pili utasema pesa imeliwa hata kama haijaguswa. Basi ufunguo mmoja ukae kwa mhami, mmoja kwa mwenyeji, na wa tatu kwa mtu ambaye pande zote mbili zinamwamini. Kadhalika akiba ya kila mmoja isichanganywe na pesa ya biashara. Likilimba ni likilimba, mtaji ni mtaji. Tumeona zamu ya mtu ikilipwa kwa pesa ya uzi, na wiki iliyofuata kazi ikasimama.

Siku ya mauzo, muuzaji arudi na pesa yote bila kutoa hata franga moja ya maji ya kunywa, aihesabu kwa sauti, na mwandishi aandike. Gharama zake alipwe baadaye, mbele ya wote. Wengine wataona ni kumdharau mtu mzima. Lakini uvumi unaishi pale ambapo hesabu haikusikika.

Sehemu ya viongozi

Wazee na machifu wana kazi mbili kubwa hapa. Kwanza ni kufungua mlango wa haki. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani za mwaka 1998, katika kanuni ya 22, zinasema wahami wana haki ya kutafuta kazi kwa uhuru na kushiriki katika shughuli za uchumi. Mhami kutozwa ushuru wa soko mara mbili kwa kuwa ni mgeni ni kinyume cha hilo, na chifu anaweza kulimaliza kwa neno moja.

Pia, mume akisema mke wake hawezi kutia saini bila ruhusa yake, akumbushwe kwamba Kanuni ya Familia ilibadilishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Sharti la zamani la mke kuomba ruhusa liliondolewa; sasa sheria inawataka mume na mke wakubaliane, wote wawili sawasawa. Ni vema kuwaalika waume kwenye mkutano wa kwanza, wasikie wenyewe kuliko kusimuliwa.

Pili ni kukipa kikundi sura ya kisheria kwa wakati wake. Kongo iliingia katika jumuiya ya sheria za biashara ya OHADA mwaka 2012, na kwa sheria hiyo watu watano wanatosha kuanzisha ushirika wa aina nyepesi. Lakini msikimbilie mhuri. Kikundi ambacho hakijamaliza mwaka mmoja wa kugawana pesa bila kugombana hakihitaji mhuri bado.

Kama itabidi kukimbia tena

Hili hatupendi kulisema, ila wasomaji wetu wanalijua kuliko sisi. Mwanzoni mwa 2025, M23 ilipoiteka Goma, benki zilifungwa, na ndani ya wiki chache kambi zilizozunguka mji zilikuwa tupu. Watu waliobeba watoto hawakuweza kubeba cherehani.

Kwa hiyo biashara ya wahami ipangwe kama mzigo wa mtu anayeweza kuondoka usiku. Kazi za sindano, shanga na ukili zina faida hapo: vifaa vyote vinaingia katika mfuko mmoja. Cherehani chache zikae nyumbani kwa wanachama wenyeji, kwa maandishi. Michoro ifundishwe kwa watu wengi, isibaki kichwani mwa bibi mmoja. Bidhaa zisirundikwe zikingoja mnunuzi wa mbali, na pesa isikae yote katika sanduku moja. Daftari liwe na nakala, au mwandishi apige picha ya kila ukurasa kwa simu na kuituma kwa mwanachama aliye mji mwingine.

Zaidi ya yote, amueni mapema mtagawanaje kama mtatawanyika: nani anadai nini, nani atatunza mashine, na waliobaki watawangoja waliokimbia kwa muda gani kabla ya kugusa sehemu yao. Kanuni hiyo iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari, na isomwe kwa sauti katika lugha ambayo kila mwanachama anaielewa, siku ileile ya kutia saini.